Nimeuza nyumba kwa mnunuzi wa mkopo wa benki, nimesubiri wiki 11 (nyota 2 kati ya 5)

Benki siitaji jina. Nyumba ni yangu ya Goba, mnunuzi alikuwa anachukua mkopo wa nyumba, na naandika kwa ajili ya sisi wauzaji maana sifa na malalamiko mengi ni ya wanaokopa, anayekaa kusubiri hela hakuna anayemuuliza.

Mnunuzi mwenyewe sina neno naye, kijana mwalimu, kila Jumamosi lazima apige, shikamoo mama, wamesema wiki ijayo. Tulipatana milioni 140 akatanguliza 14, nikajua mwezi tu yameisha. Wapi!

Wiki 3 nzima tunamsubiri mthamini, yule wa kukadiria thamani ya nyumba. Alipokuja kiukweli alikuwa makini, kapima kila chumba, kapiga picha mpaka mita ya luku, kasimama weee kwenye ule ufa juu ya sinki la jikoni ambao mi nilishausahau. Ripoti ikatoka milioni 122. Hapo ndo nikajua benki haiangalii bei mliyopatana nyie, inaangalia ya mthamini, na hata hiyo ilitoa asilimia 80 tu, basi nikashuka mpaka 132 na kijana akakimbilia saccos yao kujazia.

Makaratasi sasa. Kodi ya pango la ardhi nilikuwa nadaiwa miaka 2, nikalipa. Mume wangu yuko Mwanza kikazi, ikabidi apande basi aje asaini ridhaa, na hilo naliunga mkono kabisa maana wapo wanawake wameshtukia tu nyumba imeuzwa na watoto wamo ndani. TRA nako kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji, na bila kuilipa uhamisho wa hati hauendi, yaani unatoa hela kabla hujaona hela.

Yote hayo nayavumilia. Kilichoniuma ni tawini. Kila nikienda dada wa mikopo jibu ni moja, "mama, wewe siyo mteja wetu, mteja ni mnunuzi." Jamani sijauliza mshahara wake, nimeuliza faili limefika wapi! Wiki ya 7 dalali kaniletea mtu wa keshi, nikaenda kuomba wanambie tu kama mkopo wa yule kijana upo au haupo, nimekaa kwenye benchi toka saa 3 mpaka saa 7 nikaondoka bila jibu. Yule wa keshi akanunua kwingine.

Halafu watu haohao wasioniita mteja wakataka hati halisi. Wakili wangu akagoma mpaka benki iandike barua ya kuahidi kulipa, yenye kiasi, akaunti yangu na ndani ya siku ngapi baada ya usajili wa uhamisho wa hati. Karatasi moja hiyo, siku 9. Hati nilikuwa nayo toka 2009 kwenye bahasha ya kaki kabatini, siku ya kuikabidhi mkono ulikuwa mzito jamani, bila ile barua nisingeiachia. Muuzaji mwenzangu, iombe wiki ya kwanza, usingoje kama mimi.

Hela iliingia siku ya 6 baada ya usajili, kamili, haikupungua hata mia. Nyota moja ya hiyo, nyingine ya mthamini. Nina kiwanja Kibaha nataka kuuza, mnunuzi wa mkopo ntampokea, ila akinitajia benki hii ntamwomba atafute nyingine.