TAHADHARI: yule dada wa pilingi (kubandua ngozi ya juu ya uso kwa dawa) anayesema anatoa madoa ya jua, msiende jamani

Naandika hii nimejifungia chumbani na kanga nimejifunika uso, na baridi hakuna. Wenzangu wa kikoba mnajua kwa nini mwezi ule nilikuwa na haraka, sirudii. Wengine itoshe tu kwamba sendofu ya binti yangu ilikuwa imebaki wiki tatu.

Mi nimeuza samaki pale soko la Feri miaka 21. Jua la pale linakupiga kutoka juu halafu linakupiga tena kutoka kwenye maji, na ukishabeba beseni kichwani kofia utaivaa wapi. Mashavu yangu yote yameweka madoa ya kahawia, pembeni ya macho ngozi imekunjamana, nina miaka 49 ila vijana wa kondakta wananiita bibi. Pamoja na hayo mkorogo, zile krimu za kujichubua, sijawahi kupaka hata siku moja, nimeona ulivyomfanya dada yangu.

Na hapo ndo alipomnasa mtu. Nilivyompigia simu kitu cha kwanza kuniambia, "Mama angu mi mkorogo sifanyi, ule ni sumu, una zebaki, mi natoa tu ile ngozi ya juu iliyochomwa na jua, chini yake kuna ngozi yako mwenyewe ya usichana." Sasa mtu anayeanza kwa kukuonya na mkorogo utamshtukiaje? Tena namba nilipewa na mwanakwaya mwenzangu, na picha za kabla na baada zimejaa kwenye ukurasa wake. Nimefika nakuta tailizi nyeupe zinang'aa, yeye kavaa koti jeupe, cheti kipo ukutani kwenye fremu kina muhuri wa dhahabu. Akanipigia magoti kunisalimia. Mi nililelewa kumheshimu mtu mwenye koti jeupe, siombi radhi kwa hilo.

Nikalipa 380,000 kwa simu kabla hata sijakaa. Nikaomba risiti, mashine mbovu mama angu nitakutumia wasap.

Nimelala kitandani, naona kwa jicho moja anatoa chupa ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, lebo imebanduliwa, gundi bado inaonekana imeshika vumbi. Akamimina kwenye kibakuli kama hivi vya kachumbari. Harufu kali, inaingia puani inakwenda mpaka kwenye meno. Akachukua brashi akaanza paji la uso, pale nikavumilia, akashuka shavu la kulia na hapo nikasikia moto, sio muwasho, moto, kama mafuta ya kukaangia yamekurukia na hayapoi. Nikamwambia dada inachoma, akasema "ndo inafanya kazi hiyo, hesabu taratibu", akanishikisha feni ya mkononi nijipepee mwenyewe. Nikahesabu. Nilifika 70 na kitu. Aliponipa kioo shavu limekuwa jeupe kama chumvi ilivyokaukia kwenye papa mkavu, nikaogopa, akasema weupe huo ni uchafu wa jua unatoka. Nikamshukuru. Nilimshukuru jamani, na nikanunua na krimu yake ya 45,000, kikopo hakina jina, hakina tarehe, hakina kitu.

Siku ya tatu ngozi ikabanduka na maji maji. Siku ya kumi imekauka, na pale palipokuwa na doa la kahawia sasa kuna weusi tii, shavu zima la kulia mpaka karibu na taya. Kumpigia, kaniblock. Sendofu nilikaa meza ya mbele na mtandio mpaka machoni, mwanangu analia sio kwa furaha.

Daktari wa ngozi ameniambia ni kuungua kwa asidi kali, na ngozi yetu nyeusi ikiungua inajibu kwa kuongeza weusi, utapungua ila ni miezi, pengine mwaka. Krimu hawezi kusema ina nini maana haina lebo, kaniambia niache. Kumbe pilingi hospitali ipo, ila wanaanza na dawa nyepesi, wanakujaribu kwanza sehemu ndogo, wanakuuliza unatumia dawa gani, na bila kupaka kinga ya jua ya SPF 30 kwenda juu kila siku madoa yanarudi tu hata ungefanyiwa na nani. Yule hakuniuliza hata kama nina presha!

Basi mjue, chupa haina lebo ondoka, hakuna kukujaribu kwanza ondoka, unalipishwa yote kabla na risiti hakuna ondoka. Cheti kile nilikipiga picha, mwanangu kakisoma, ni mafunzo ya siku 2. Siku mbili! Daktari wa kweli ana namba ya usajili kwenye Baraza la Madaktari, muulize bila aibu, akinuna jibu umepata.

Huyu mtu hafai kupewa onyo, afungwe. Achukuliwe kile kitanda, ile mashine ya risiti mbovu, arudishe hela ya kila mama aliyemlaza pale. Kijana akiiba simu pale sokoni analala ndani siku hiyo hiyo, huyu anachoma nyuso za watu na bado jana kapost ofa ya wiki, mbili kwa bei ya moja. Naandika nikitetemeka.

Jina siliweki hapa, nimeshauriwa nisiharibu kesi. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ninayo, na kikopo cha krimu nakipeleka TBS, shirika la viwango, mi nilidhani ni wale wa dawa kumbe vipodozi viko TBS tangu 2019. Tumeshajikuta wanne, mmoja ni binti wa miaka 26 kaungua shingo. Kama na wewe umepita kwenye kile kitanda nifate inbox leo au kesho, uje na meseji za malipo usizifute, Jumatatu saa mbili asubuhi tunakwenda polisi pamoja.