Miaka minne na GIMP kwenye kompyuta ya GB 4

Nina steshenari ndogo hapa Masasi, si mbali na stendi. Kutoa kopi, kuchapa barua, kulaminisha vyeti, picha za paspoti. Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Oktoba hivi, watu wanakuwa na hela na kila mmoja anakumbuka picha aliyotaka kuikuza tangu mwaka juzi. Kazi hizo ndizo zilizoniingiza kwenye kuhariri picha. Sikusomea popote.

Nilianza na Photoshop ya kuchakachua, niliyowekewa kwa flashi kwa shilingi elfu kumi. Ilienda wiki tatu. Baada ya hapo kompyuta ikawa inajifungulia matangazo yenyewe, na flashi za wateja zikitoka kwangu mafaili yote yamegeuka shotikati. Mwalimu mmoja alirudi amenuna, mitihani ya muhula mzima haifunguki. Nikafuta kila kitu nikaanza upya. Photoshop halali nayo, tangu mwaka 2013 matoleo yake mapya yanakuja kwa malipo ya kila mwezi, na duka langu kuna mwezi linaingiza hela ya luku na ya karatasi basi.

GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure kwa leseni yake yenyewe, hakuna aliyeiiba ili iwe bure. Ilianzwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mwaka uliofuata wakaitoa kwa watu wote. Mimi niliipakua mwishoni mwa 2021, toleo la 2.10, zaidi ya MB 200 kwa bando la usiku. Kompyuta yangu ni ya mtumba, RAM GB 4. Kufunguka inachukua muda wa kumhudumia mtu wa kopi mbili, lakini inafunguka.

Wiki ya kwanza niliichukia. Kikundi cha kikoba kilitaka nembo yenye duara, nikatafuta kitufe cha kuchora duara nusu siku nzima. Hakipo. Unachagua eneo la mviringo kwanza, kisha unaiambia programu ipige mstari kuzunguka eneo hilo. Ukibandika kitu kutoka picha nyingine, kinaning'inia juu kama mgeni aliyekataa kukaa, na mpaka ukitie nanga kwa Ctrl+H huwezi kuendelea na kazi nyingine. Ukifuta mandhari unapata weupe badala ya uwazi, kwa sababu leya, yaani tabaka la picha, haikuwekewa njia ya uwazi, ile wanayoiita alfa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho kigumu ukishaelezwa. Tatizo ni kwamba hakuna anayekueleza, na video za mafunzo zinakula bando huku mwenye kufundisha akitumia dakika tano kuomba umfuate.

Nikaacha video. Nikaamua kila kazi ya mteja inifundishe kitu kimoja tu, na nikishakijua nakiandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma.

Kazi iliyonifundisha kuliko zote ilikuwa ya mzee mmoja kutoka kijijini. Alileta picha ya mama yake, nyeusi na nyeupe, inchi tatu na nusu kwa tano, imekunjwa katikati na mkunjo umepita juu ya shavu. Alikuwa ameezeka nyumba upya kwa hela ya korosho na alitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni. Niliiskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, nikapata pikseli (vile vitone vya picha) kama 2,100 kwa 3,000, yeye akaondoka na karatasi yake.

Nilianza na mwanga. Ukifungua menyu ya Colors, kisha Levels, unaona mchoro kama kichuguu. Kushoto kabisa ni 0, giza tupu, kulia kabisa ni 255, weupe tupu. Picha iliyopauka kichuguu chake kinajikusanya katikati, pembeni hakuna kitu. Chini yake zipo pembetatu tatu: ya kushoto unaisogeza hadi kichuguu kinapoanzia, ya kulia hadi kinapoishia, ya kati unaisukuma kidogo kidogo mpaka uso ukae sawa. Ni kazi ya dakika moja. Kanga ya yule mama, iliyokuwa kijivu kitupu, ikatoa maua yake yote, na pindo likaonekana. Niliita jirani wa duka la nguo aje aone.

Kama una muda wa kujifunza kitu kimoja tu kwenye programu hii, jifunze hicho. Picha nyingi zinazoletwa dukani hazihitaji zaidi ya hapo.

Kisha nikachukua Heal, kifaa cha kuziba kasoro, ambacho ni herufi H kwenye kibodi. Unashika Ctrl, unabofya sehemu nzima ya ngozi, unaachia, halafu unapaka juu ya sehemu mbovu, na programu inaoanisha ngozi ya kule na mwanga wa huku. Inafurahisha kupita kiasi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Nilivuta picha karibu hadi asilimia 400. Kwa ukaribu huo uso haupo tena, kuna vigae vya kijivu tu, na kila kigae cheusi kuliko jirani yake nikakiona ni uchafu. Nikafuta mkunjo, nikafuta madoa ya maji, nikafuta vialama vya ukungu. Pembeni mwa macho kulikuwa na mistari midogo, nikadhani ni mikwaruzo ya karatasi, nayo nikaifuta. Nilikaa hapo karibu saa tatu. Nilipomaliza nikaenda kwenye menyu ya File, nikaona neno Overwrite, nikabofya, picha mpya ikakaa juu ya ile niliyoskani. Nikafunga kompyuta.

Mzee alikuja kesho yake asubuhi. Shikamoo, marahaba. Akaishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Binti yangu, umeisafisha vizuri," akasema. "Lakini chale za mama umezipeleka wapi?"

Sikuwa na pa kuzitoa. Ctrl+Z inarudisha hatua zako ukiwa bado umelifungua faili, ukishalifunga hatua hizo zimekwenda. Picha ya skana nilikuwa nimeifunika mwenyewe kwa mkono wangu. Nikamwomba radhi na kumwomba aniletee karatasi tena. Hakugomba. Alisema atakuja Jumatano akipata gari, na zile siku nne za kumsubiri zilinitosha kusoma mwongozo wa programu kuhusu leya na maski, sura nilizokuwa naziruka.

Mara ya pili nilifanya hivi. Nikafungua picha, nikabonyeza Shift+Ctrl+D ili leya inakiliwe. Ya chini ni ile ya asili, hiyo siigusi kabisa. Kazi zote za kufuta nikazifanya kwenye ya juu, kisha nikaiongezea maski. Maski fikiria kama pazia lililolala juu ya leya: penye weupe leya inaonekana, ukipaka weusi inajificha na ya chini yake inatokeza. Nikachukua brashi laini, rangi nyeusi, nikapaka pembeni mwa macho. Chale zikarudi, mbili upande huu, mbili upande ule. Nilipopitiliza nikabadili rangi ikawa nyeupe, nikapaka tena, pakafungika. Hakuna kilichopotea, na mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja akinielekeza: hapo panatosha, hapo bado, hiyo ya chini ni doa kweli, iondoe.

Siku hiyo ndiyo nilielewa pia kwa nini Ctrl+S inatoa faili la XCF lisilofunguka WhatsApp. Mwanzoni niliona ni usumbufu. XCF ndiyo inayobeba leya, maski na kila kitu, ndiyo stoo yako. Ya kumpa mteja unaitoa kwa Ctrl+Shift+E ikiwa JPG, na JPG kila ukiihifadhi upya inapoteza ubora kidogo, kwa hiyo usiifanyie kazi tena na tena. Sasa kila mteja ana folda yake, na ndani kuna folda nyingine inayoitwa ASILI. Overwrite sijaigusa tangu hapo.

Machi 2025 lilitoka toleo la 3.0, la kwanza kubwa tangu 2.10 ya mwaka 2018. Nilisita kwa ajili ya kompyuta yangu, nikaliweka, linaenda, ingawa leya zikizidi nane nasikia feni inalia. Mabadiliko mawili yamenigusa. Kitu ukikibandika sasa kinakaa kwenye leya yake bila kuning'inia. Na ile kazi ya Levels sasa inabaki wazi: naweza kurudi kesho kwenye faili la XCF, nikafungua alama ya Fx kwenye orodha ya leya, nikasogeza pembetatu upya bila kuharibu picha. Laiti ningekuwa nayo siku za yule mzee.

Yanayonikera bado yapo. Maandishi mengi si mahali pake. Ratiba ya mazishi yenye kurasa nne naipanga kwenye programu ya maandishi, GIMP naitumia kwa picha ya marehemu tu. Tena haifanyi kazi moja kwa moja kwa rangi nne za mashine za chapa. Nilitengeneza kipeperushi cha rangi ya chungwa inayowaka, kikarudi kutoka kiwandani rangi ya udongo. Rangi ile ilikuwa ya kioo cha kompyuta, wino hauwezi kuitoa. Siku hizi nikiona kazi inakwenda kiwandani natumia rangi tulivu na naomba nakala moja ya majaribio kwanza.

Halafu kuna swali ninaloulizwa na wenzangu wa steshenari kuliko yote: unabadilishaje mandhari ya picha ya paspoti iwe bluu? Njia zipo. Kuna kifaa cha kuchagua rangi zinazofanana, kipo cha kuzungushia kwa mkono, ipo maski. Nimezijaribu zote, na zote hushindwa mahali pamoja, kwenye nywele. Kichwa kilichonyolewa kinakubali vizuri. Binti mwenye rasta au afro anatoka kama amekatwa kwa mkasi, na ofisini wanamrudisha.

Nilichofanya ni kununua mita tatu za kitambaa cha bluu sokoni, nikakitundika ukutani nyuma ya kiti. Mteja anakaa mbele yake, napiga, na GIMP inabaki na kazi mbili: kukata kwa milimita 35 kwa 45, ambazo kwa dpi 300 ni pikseli 413 kwa 531, na kupanga nane kwenye karatasi moja ya inchi 4 kwa 6. Dakika tatu mtu anaondoka na picha zake. Kitambaa kimeshapata doa la chai upande wa kushoto, na hilo ndilo ninaloliondoa kwa Heal.