Karakana ya Keko iliyonifanyia jiko na sebule Kigamboni, nawapa nne kwa tano

Nimeulizwa sana hili jiko nimetengenezewa wapi, kwaiyo naandika hapa mara moja kila mtu asome. Ni karakana moja ya Keko, ndani ndani kule kwa mafundi fenicha, jina siliweki maana kuna jambo nitawalalamikia huko chini na sipendi kumharibia mtu riziki yake hadharani. Ila kazi yao naisifu, na nasifu zaidi kitu kimoja, kwamba kabla hawajatoa hata futi walikaa wakaniuliza kwetu tunapika nini.

Mafundi wengi ukiwafuata wanakutolea simu, chagua dada, hii tumefanya Masaki, hii Mbezi Beach, picha zote kabati nyeupe, kaunta katikati, na sebule imeungana na jiko hakuna ukuta. Picha zinavutia kweli. Lakini hakuna anayekuuliza samaki unakaangia wapi. Yule kijana anayechora wa hii karakana ya Keko akaanza na maswali, mkaa bado mnatumia? nazi mnakuna au mnanunua ya pakti? chapati anasukuma nani hapa nyumbani? Mama mkwe wangu alikuwepo akasema "mwanangu, nazi nakuna mwenyewe na mbuzi yangu haitoki humu ndani", kijana akamjibu "sawa mama, tutaipangia sehemu yake". Na aliipangia kweli, pale karibu na mlango wa uani ameacha kipande hakina kabati, chini kuna tailizi za kukwaruza zisizoteleza, na chini ya kaunta kuna uwazi ambao mbuzi inaingia ikiwa imekunjwa pamoja na ungo. Mama anakaa pale anakuna nazi mlango uko wazi upepo unampiga. Hicho kipande hukioni kwenye picha yoyote ya kwenye simu.

Kaunta pia. Ya kawaida wanafanya sentimita 90 toka chini na upana wa 60, ni sawa kwa kukatakata vitu na kuosha vyombo, ila kusukuma chapati unahitaji kuegemea, uzito wa mwili ushuke kwenye mpini, kaunta ikiwa juu mabega yanauma kabla hujamaliza kilo. Kwaiyo kipande cha pembeni wamekishusha mpaka 80, na watoto nao wanakitumia kumenyea vitunguu. Juu tumeweka graniti nyeusi. Mimi moyo ulikua kwenye marumaru nyeupe aisee, ile yenye mishipa mishipa, wakanikatalia kwa maelezo na nawashukuru, marumaru inaliwa na tindikali, na jiko la pwani ndimu na ukwaju ni kila siku, doa likiingia halitoki maana jiwe lenyewe limelika. Graniti haina shida hiyo, na ya rangi nzito haioneshi manjano wala mafuta, ila inabidi ipakwe sila, ile dawa ya kuziba vitundu vya jiwe, mara moja moja.

Sasa habari ya ukuta, maana hapa ndo wengi mnaulizia. Nilitaka ukuta wa kati ya jiko na sebule utoke wote. Fundi ujenzi waliyekuja nae alipanda darini kwanza kabla hajasema lolote, akakuta kenchi za paa zimelala juu ya ule ukuta, akashuka akasema huu hautoki wote, tunafungua uwazi mpana katikati tunapitisha lenta, yaani boriti ya zege yenye nondo, pande mbili zinabaki zinabeba. Wakasimamisha miti ya kushikilia ndo wakaanza kubomoa, na zege la lenta walikua wanalimwagia maji kila siku na zile mbao za chini hawakugusa mpaka likomae. Zege linahesabiwa limefika nguvu yake siku ya 28, ukiona fundi anatoa mbao baada ya siku tatu mfukuze. Na kama fundi anakwambia ukuta unatoka bila yeye kuangalia juu ya dari kuna nini, usimpe hata nyundo.

Alafu kwenye ule uwazi hatukuacha wazi moja kwa moja, tumeweka milango ya kioo ya kusukuma, fremu ya alminiamu. Hili lilikua wazo la mama mkwe, anasema mgeni anakaribishwa sebuleni, sufuria zangu anaziona kwa ruhusa yangu, na mimi naona ana haki kabisa, nyumba zetu mgeni anaingia muda wowote bila kupiga simu. Kioo kinaleta mwanga, watoto nawaona wakiwa sebuleni, siku ya kukaanga nafunga. Upepo nao lazima uufikirie. Uani kwetu kunaelekea kusini, kwaiyo msimu wa kusi upepo unaingia jikoni kwanza ndo unafika sebuleni, ukikaanga kibua bila kufunga ile milango ya kioo, mapazia na makochi yananuka mpaka kesho. Kaskazi ikianza mambo yanageuka, sebule inapata hewa safi na harufu inatokea uani yenyewe. Kijana alichora mishale ya upepo kwenye karatasi na hapo hapo akanishauri ile feni ya kuvuta moshi iwe na bomba la kutoa nje ukutani. Zile zinazochuja moshi na kuurudisha humo humo ndani zinafaa kwa anayechemsha chai na kupasha chakula, kwa samaki na dagaa bado harufu utaisikia.

Mbao. Tulikubaliana kabati za chini hasa pale kwenye sinki ziwe marini bodi (plaiwudi ya kuhimili maji), milango MDF (bodi ya nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa) ile ya kijani ndani inayohimili unyevu, na chipbodi, ile ya chembe kubwa za mbao zilizogandishwa kwa gundi, isiingie nyumbani kwangu. Kuna ndoo pale karakana wameloweka vipande vya kila aina ili mteja ajionee, chipbodi imefumuka kama mkate uliosahaulika kwenye chai, MDF ya kawaida imevimba kingo, ya kijani imevimba kidogo sana, marini iko vile vile. Bei ya marini ni kubwa lakini bomba la sinki litavuja tu siku moja. Bawaba na reli za droo tumechukua za stenlesi 304, sisi wa karibu na bahari zile za chuma cha kawaida hewa ya chumvi inazila haraka na milango inaanza kulia.

Gesi nayo walikua makini. Sasaivi watu wengi wanahamia gesi, serikali yenyewe ina mkakati wa 2024 mpaka 2034 kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, ni jambo zuri mno, ila mtungi mnauficha ndani ya kabati lililofungwa kila upande jamani hapana. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini na kujikusanya. Wa kwetu uko nje uani kwenye kibanda cha matofali chenye matundu chini, bomba linapita ukutani. Kama huna uani basi kabati la mtungi litobolewe chini, matundu ya juu peke yake hayasaidii. Jiko la mkaa tumelibakisha nje kwa ajili ya makande na maharage, na sheria ya nyumba ni kwamba haliingii ndani hata mvua ikinyesha.

Lalamiko langu sasa. Kabati la tivii sebuleni, ambalo lipo kwenye mkataba kama MDF ya kijani, siku fundi umeme anatoboa mgongo wa kabati apitishe soketi ukamwagika unga wa chembe chembe kubwa, nikachungulia kwenye tundu, chipbodi. Kabati zima mbele safi, mgongo wote chipbodi. Nilipowapigia msimamizi akasema "dada, huko nyuma nani anaona?" Mchwa wanaona! Niliumia kwa sababu hawa hawa ndo walinionesha ile ndoo. Nikagoma kutoa hela ya mwisho mpaka wabadilishe, wakabadilisha, lakini kwa kunizungusha, kesho, keshokutwa, gari hamna, na muda wote huo sebule iko vumbi tupu na tivii iko chini. Nyota moja nimeikata hapo, na ingekua jikoni ndo wamefanya ivyo ningekata mbili.

Sebule yenyewe imekaa vizuri, tivii imeenda ukuta ambao dirisha haliimuliki, kochi la L tumeligeuza lisizibe madirisha, na ile jipsamu ya ngazi ngazi yenye taa za rangi niliikataa, dari letu ni la chini na joto la Dar mnalijua.

Malipo yao ni nusu kwanza, robo kabati zikifika zimefungwa, robo ukishakagua. Wakiomba sabini kwa mia mwanzoni, na watajaribu, kataa, walikubali nusu bila ugomvi. Hiyo robo ya mwisho ndo iliyonirudishia MDF yangu. Kagua na wewe kabla hujaitoa, chomoa droo zote, angalia migongo, mwaga maji kwenye sinki upige tochi chini. Anayetaka namba yao aje inbox nitampa.