Mita ya shilingi elfu kumi na tano iliyonionyesha Hiace yangu inaumwa wapi

Ninakodisha maturubai, viti na masufuria ya shughuli hapa Tanga. Mzigo wote unabebwa na Hiace ya dizeli, injini ya 5L, ambayo umri wake unakaribia wa dereva wake. Injini haina neno. Kilichonitoa jasho miezi mitatu mizima ni umeme.

Asubuhi inawaka vizuri tu. Ikishazunguka mjini ikapata moto, tukasimama kushusha viti, dereva akipiga selfu inasema "tak!" mara moja, basi. Taa za dashibodi zinazimika zote, saa inarudi 1:00. Kaa robo saa, piga tena, inawaka kama vile haikuwa yeye. Na kuna wiki nzima inapita haijagoma hata mara moja. Hizo ndizo zilizonichosha zaidi, maana ukiipeleka gereji inawaka mbele ya fundi na wewe ndiye unayeonekana muongo. Muheza tuliisukuma usiku wa manane, wapishi wangu wamefunga madera viunoni, mzigo umo ndani.

Fundi rewaya wa kwanza alisema, "Mama, betri hii ishakwenda." Nikanunua mpya, N70, Sh 230,000. Ikatulia wiki mbili. Wa pili akashusha selfu, akabadilisha kaboni na shaba za ndani, Sh 65,000. Ikatulia siku kumi. Wa tatu akaniambia ni altaneta, ile inayochaji betri, na anayo moja ya mtumba, ataniwekea kwa bei ya kifamilia. Hapo nikasema hapana. Nikaenda Ngamiani kwenye duka la vifaa vya umeme, nikanunua mita ya kidijitali ya kupimia umeme, zile ndogo za njano, Sh 15,000. Sikuwa nimewahi kushika mita maishani mwangu.

Niseme ubaya wake kwanza. Waya za kupimia ni fupi na nyembamba, na kwenye Hiace, ambapo inabidi uinue kiti cha mbele ndipo uione injini, hazifiki unapotaka. Ilibidi niunge waya mmoja kwa mita mbili za waya wa taa. Kioo hakina mwanga, kwa hiyo usiku unashika tochi kwa meno. Halafu betri yake ya ndani, ile ya volti 9, ilikuwa imechoka tangu dukani. Siku ya kwanza ikanisomea volti 13.4 kwenye betri ya gari iliyolala usiku kucha, nikafurahi kuwa nina betri ya ajabu. Kumbe mita hizi betri yake ikilegea hupandisha namba. Nilipoibadilisha ikasoma 12.6, na hiyo ndiyo namba ya betri ya gari iliyojaa na kupumzika.

Injini ikiwa inawaka nikapata 14.2. Altaneta inachaji, mzima wa afya, na mtu alikuwa tayari kuniuzia nyingine! Hapo tu mita ilikuwa imesharudisha pesa yake.

Lakini kipimo cha gari iliyotulia hakikunipa jibu la kugoma. Tukasubiri igome. Iligoma Jumanne mchana, nje ya nyumba yangu, Mungu mkubwa. Nikaweka ncha mbili kwenye vichwa vya betri, nikamwambia dereva, "Baba, piga selfu na usiachie." Tak. Giza kwenye dashibodi. Mita: 12.4.

Nikaitazama ile namba kwa muda. Selfu ikizungusha injini kweli, betri lazima ishuke. Yangu siku njema hushuka hadi kama 10.8, na betri inayoporomoka chini ya 9.6 ndiyo unayoanza kuishuku. Hii haikushuka. Yaani betri ilikuwa na nguvu zake zote na hakuna aliyezichukua. Umeme ulikuwa unakwama njiani.

Basi nikafuata njia. Ncha nyeusi nikaiacha kwenye kichwa cha hasi, nyekundu nikaigusisha kwenye chuma cha bodi nilichokwangua rangi kwa kisu. Swichi imezimwa: sifuri. Dereva akapiga selfu: 7.1. Kati ya hasi ya betri na bodi pasomeke volti saba! Hapo ilitakiwa iwe 0.2, 0.3 hivi, kwa sababu ni waya mmoja tu mnene na bolti. Nikaushika ule waya pale ulipofungwa kwenye bodi, nikautikisa. Taa zikarudi, selfu ikapiga, injini ikawaka, na dereva akaniangalia kama mganga.

Tuliifungua ile bolti kwa spana namba 12. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na kutu ya rangi ya matofali, na ndani ya plastiki nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, zilizobaki nzima unaweza kuzihesabu. Gari inalala mita chache kutoka baharini, sishangai. Nyuzi zile chache zinatosha kuwasha redio na taa. Selfu inataka ampea mia na zaidi kwa mpigo, hapo hazina ubavu. Na zikipata moto ndiyo kabisa.

Sasa ndipo nikaelewa wale mafundi wawili. Aliyebadilisha betri aliushika ule waya, akauvuta, akaufunga upya. Aliyeshusha selfu alianza kwa kufungua hasi, kama inavyotakiwa. Wote wawili waliutikisa bila kujua, ugonjwa ukalala, wakalipwa. Siwaiti wezi. Nadhani hata wao waliamini wametibu.

Matengenezo: waya mpya niliokatiwa kwenye ule mnene wa mashine ya kuchomelea, vichwa viwili vya shaba, msasa hadi chuma king'ae, bolti, grisi juu yake. Sh 18,000 na soda. Nikipima sasa selfu ikipiga napata 0.2. Ni mwezi wa nne, haijagoma.

Mita hiyo hiyo ilinionyesha na ugonjwa wa taa za nyuma. Ukikanyaga breki, indiketa nayo ilikuwa inawaka kwa mbali. Hasi ya taa ya kushoto haikuwa imeshika bodi, umeme ukawa unatafuta njia ya kurudia kwenye taa nyingine. Msasa, dakika tano.

Anayetaka kununua, nunua, ila angalia lile tundu lililoandikwa 10A. Kwenye yangu halina fyuzi. Dereva aliacha waya mwekundu humo baada ya kucheza nayo, kisha akaenda kupima betri: cheche, harufu, ncha moja ikayeyuka kichwa. Bahati hakuumia. Ukimaliza, rudisha waya kwenye tundu la volti, na usije ukapima ampea za selfu kwa mita hizi. Nilinunua waya nyingine kwa Sh 3,000, na ni ndefu kuliko za mwanzo, kwa hiyo hasara ikazaa faida.

Siku hizi mita inakaa kwenye droo ya dashibodi ndani ya soksi, na dereva anawapimia bodaboda wa kijiweni betri zao kwa bei ya soda. Kilichobaki ni honi, inayolia yenyewe gari ikikata kona kali ya kushoto. Hiyo nimeiweka Jumapili.