Scott 3200 kwenye Super Cub: gurudumu zuri, ila ufungaji ndio kazi

Wenye Super Cub, ndege ndogo ya gurudumu la mkia, wanaorukia uwanja wa Wilson, Nairobi, huuliza kama gurudumu la mkia la Scott 3200 lina thamani ya pesa yake. Linayo. Lakini asilinunue mtu akidhani litatibu kila ndege inayokimbilia kushoto ikianza kuruka.

Pedeli za miguuni huligeuza gurudumu hili kupitia springi mbili na minyororo. Pembe ikizidi, kitasa cha ndani huachia nalo likazunguka huru, kwa hiyo ndege hugeuka hata pembamba. Tairi ni la upepo, kipenyo inchi 8 hivi, na kwenye murram linapita pale magurudumu madogo ya mpira mgumu yanapojichimbia.

Shida huanzia kwenye springi bapa zinazolibeba, ndugu wa zile za chini ya pikapu. Zikichoka, nguzo ya kugeukia huegemea mbele kwa juu na gurudumu hutetemeka vibaya. Likague ndege ikiwa na mafuta na watu ndani: nguzo isimame wima, au kichwa kirudi nyuma kidogo. La sivyo badilisha springi bapa kwanza, maana gurudumu jipya litatetemeka vilevile. Minyororo iliyolegea nayo ni hatari ya kimyakimya: rubani anakanyaga, hakuna jibu, anaongeza, kisha gurudumu linashika ghafla na pua inarushwa upande wa pili. Uzito wa ndege uko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo mzunguko ukishaanza hujiongeza wenyewe.

Wakati wa kuruka, songa mita chache ili gurudumu linyooke ndipo ufungue throto (mkono wa nguvu za injini), taratibu. Fimbo ya kuongozea ibaki nyuma mpaka usukani wa mkia ushike hewa. Mkia ukishanyanyuka Scott haina kazi tena; na kuunyanyua kwa pupa ndiko kunakoponza wengi, kwa sababu propela inayozunguka huivuta pua kushoto papo hapo. Mguu wa kulia uwe tayari kabla, si baada.

Wilson haisamehi. Uwanja uko kwenye futi 5,500 na kitu, na joto la nyuzi 26 huifanya hewa iwe nyepesi kama ya futi 8,000. Kipima mwendo kitasoma kilekile, lakini magurudumu yanakimbia kasi zaidi kwa asilimia 13 hivi kuliko usawa wa bahari kwenye hewa ya kawaida ya nyuzi 15, na injini imepungua nguvu, kwa hiyo unakaa ardhini muda mrefu zaidi. Upepo wa kaskazini-mashariki kwenye njia ya kurukia namba 14, inayoelekea kusini-mashariki, hupiga ubavu wa kushoto moja kwa moja, ukiongeza mvuto uleule. Eleroni, vibawa vidogo vya kulaza ndege, ielekezwe upande wa upepo tangu mwanzo.

Kwa matunzo, vumbi la murram likichanganyika na grisi husaga kitasa kama msasa. Kujaza grisi mpya juu ya chafu hakusaidii: lifungue gurudumu, lioshe, ukague meno ya kitasa. Yakishakuwa mviringo, gurudumu litaachia mapema hata kama springi ni mpya.