Laptopu za mtumba: bonyeza F1 kabla hujatoa hela

Mwezi uliopita nilinunua ThinkPad Kariakoo kwa sh. 580,000. Kioo safi, betri inakaa. Nyumbani nilipotaka kuweka Windows upya kwa flashi, ikaniletea picha ya kufuli na kunidai pasiwedi. Si ya Windows, ni ya BIOS, programu ya mashine yenyewe inayoanza kabla ya Windows, iliyoachwa na ofisi iliyokuwa ikiitumia kabla haijafika Kariakoo.

Hiyo haitoki kwa kubadili Windows wala diski. Kwenye ThinkPad, pasiwedi ya msimamizi ikipotea, Lenovo wenyewe, watengenezaji wake, wanaelekeza ubadilishe mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani.

Mikwaruzo na spika utazikagua mwenyewe. Mimi nakuomba hili: izime kabisa, iwashe, bonyeza F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikidai pasiwedi, iache hapohapo. Nyingine zinakuruhusu kuingia kwenye mipangilio ya BIOS lakini hazikubali mabadiliko, kwa hiyo badilisha mpangilio mmoja, hifadhi, kisha rudi uone kama umeshika.

Kwangu laptopu ya mtumba ya kwanza kuchagua bado ni ThinkPad T480 ya 2018, na siachi kuipenda kwa kosa la muuzaji. Ina betri mbili, ya nje unaichomoa bila bisibisi, na RAM unaongeza mwenyewe. Tafuta yenye prosesa ya i5-8250U au 8350U, za kizazi cha 8. Zipo T480 zenye prosesa za kizazi cha 7, na hizo hazimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, wakati Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Ya pili HP EliteBook 840 G5, nyembamba na nzuri, ila betri yake iko ndani. Ya tatu Dell Latitude 7490. Laptopu zenye prosesa ya Celeron na RAM ya GB 4 ni za bei rahisi, lakini zitakuchosha.

Nilirudi dukani. "Dada yangu, hapa ilitoka inawaka." Risiti sina, kwa sababu siku ya kununua niliambiwa bei ya risiti ni nyingine. Hilo linaniuma kuliko kufuli lenyewe. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni haki ya mnunuzi, iweje iongezewe bei? Sasa sina hata karatasi ya kudaia.

Fundi amenipatia mazabodi iliyotumika kwa sh. 250,000. Nimemwambia aifunge, aiwashe mbele yangu, abonyeze F1, ndipo nimlipe.