Neruda: Mshairi Mafichoni na Inspekta Anayemfuata Nyuma

Mtazamaji atakayeiwasha filamu ya Neruda, iliyoongozwa na Pablo Larraín na kutoka mwaka 2016, akitarajia kusimuliwa maisha ya mshairi huyo wa Chile tangu utoto hadi Tuzo ya Nobel ya mwaka 1971, atatoka mikono mitupu. Larraín amechagua kipindi kifupi tu, takriban miezi 13 kuanzia mwanzoni mwa mwaka 1948, ambapo Pablo Neruda, seneta wa chama cha kikomunisti, alivuliwa kinga yake ya kutoshtakiwa, akatolewa hati ya kukamatwa, akawa anahamishwa kwa siri kutoka nyumba hadi nyumba, mpaka alipovuka milima ya Andes kwa farasi na kuingia Argentina mwaka 1949.

Chanzo cha uhasama huo kati ya Neruda na serikali kinaguswa juu juu, na hapo ndipo mtu asiyeijua historia ya Chile atakapoachwa nyuma. Rais Gabriel González Videla aliingia madarakani mwaka 1946 kwa kuungwa mkono na wakomunisti, na Neruda mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliompigia debe. Rais alipowageuka wakomunisti na kuanza kuwafungia kambini kule Pisagua, kaskazini mwa Chile, mshairi alisimama katika seneti Januari 1948 akamshutumu hadharani. Anayekusudia kuitazama filamu hii asome habari hizo kwanza, la sivyo nusu saa ya mwanzo itampita.

Kinachoipa filamu uhai ni inspekta Óscar Peluchonneau, anayeigizwa na Gael García Bernal. Sauti yake ndiyo inayosimulia tangu mwanzo, kabla hata hatujamtambua vizuri, na ni sauti ya mtu anayemdharau mshairi huku akimwonea wivu. Ana masharubu membamba, kofia iliyokaa sawasawa na majivuno ya askari anayejiona mrithi wa ukoo mkubwa wa polisi, ingawa asili yake mwenyewe ina utata. Kila anapofika mahali, Neruda ameshaondoka na kumwachia riwaya ya upelelezi. Naye anazisoma! Kidogo kidogo mwindaji anaanza kushuku kwamba amekuwa mhusika katika hadithi ya anayewindwa, tena mhusika mdogo, na hofu hiyo inamtesa kuliko hofu ya kushindwa kazi. Mazungumzo yake na Delia del Carril, mke wa Neruda, ambaye Mercedes Morán amemwigiza kwa utulivu na ukali wa kupendeza, ndiyo kilele cha filamu nzima kwa maoni yangu. Mwisho wenyewe sitausema.

Luis Gnecco, anayemwigiza Neruda, hajamfanya kuwa mtakatifu, na nampongeza kwa hilo. Mshairi wake ni mnene, mpenda karamu na madanguro, anayekariri beti zake zilezile kwa sauti nzito ya kujisikia, na anayetaka afukuzwe ilimradi asikamatwe. Katika karamu moja mwanamke wa tabaka la wafanyakazi, akiwa amelewa, anamkaribia na kumuuliza iwapo ukomunisti utakapokuja watu wote watakuwa sawa na yeye mshairi, au sawa na huyo mwanamke aliyefanya kazi za kusafisha tangu utotoni. Neruda anajibu, lakini swali linabaki mezani na jibu halilifikii. Baadaye mwimbaji wa danguro, akihojiwa na inspekta, anaeleza jinsi mshairi alivyomheshimu kama msanii mwenzake. Ukiziweka pamoja sehemu hizo mbili unampata mtu kamili, mwenye ubinafsi na mwenye utu.

Kwa upande wa ufundi, Larraín ana mtindo wa kuanzisha mazungumzo katika chumba kimoja na kuyaendeleza mahali pengine bila wazungumzaji kukatisha sentensi. Magari nayo yanaonekana yakienda mbele ya picha za barabara zilizorushwa kwenye pazia, kama filamu za upelelezi za miaka ya 1940. Mwanzoni yanasumbua macho. Baadaye yanaeleweka, kwa kuwa hadithi yenyewe ni ya kubuni juu ya kweli.

Kasoro kubwa iko katikati, ambapo ziara za usiku zinajirudia bila kuongeza jambo. Aidha, Canto general, kitabu kikubwa alichokiandika kwa sehemu kubwa akiwa mafichoni na kikachapwa Mexico mwaka 1950, hakijapewa uzito wake: tunamwona Neruda akikariri mara nyingi, ila ile kazi ya kukaa na kuandika kwa hofu ya kugongewa mlango haionekani vya kutosha.

Filamu inasemwa kwa Kihispania, na kwa kuwa msimulizi na wahusika hupokezana haraka, maandishi ya tafsiri hubadilika upesi. Msomaji wa polepole aitazame nyumbani, ambako anaweza kuisimamisha na kurudi nyuma.